Hayati Bob Widlar: Fundi Aliyeipa Silikoni Sauti

Usiku wa giza, mvuvi wa ndagala akaribiapo mwalo wa Rumonge hutoa simu akawauliza walio nchi kavu kama wanunuzi wamefika. Sauti yake ni wimbi lipandalo na kushuka. Ndani ya simu hugeuzwa tarakimu, na upande wa pili hurudi kuwa sauti. Katika daraja hilo la wimbi na tarakimu, hatuna budi kumkumbuka hayati Robert Widlar, maarufu kwa jina la Bob.

Alizaliwa Cleveland, Marekani, tarehe 30 Novemba 1937, mwana wa fundi wa redio. Mwaka 1958 aliingia jeshi la anga, akawafundisha askari vyombo vya elektroniki. Mwaka 1963 alihitimu Chuo Kikuu cha Colorado, akaajiriwa na kampuni ya Fairchild huko California.

Siku hizo viwanda vilielekeza nguvu katika saketi za dijitali. Transista ya dijitali hutakiwa kuwaka au kuzimika tu, kama taa. Hitilafu ndogo haiidhuru. Ya analogi yapasa ifuate kiasi chenyewe cha mwanga, hata kosa dogo la kiwandani huonekana. Tena vikinza umeme vilivyotengenezwa ndani ya silikoni havikutoka na kipimo kimoja kila mara.

Widlar alitumia hekima ambayo mkamuaji wa mawese anaijua: mafuta ya leo huenda yasifanane na ya jana, bali madebe mawili ya upishi mmoja hulingana. Akaacha kutegemea kipimo halisi cha kila kikinza, akategemea ulinganifu wa vipande jirani. Pamoja na David Talbert, mtaalamu wa utengenezaji, alitoa vikuza umeme μA702 mwaka 1964 na μA709 mwaka 1965.

Baadaye alihamia National Semiconductor, akaiacha mwaka 1970 na kukaa Puerto Vallarta, Meksiko. Pombe ilimwandama miaka mingi, lakini haikuifuta kazi yake. Alifariki huko tarehe 27 Februari 1991, akiwa na umri wa miaka 53.

Leo njia hizo mbili zimezidi kuachana. Dijitali hukimbilia udogo wa nanometa chache. Analogi nyingi hubaki kwenye vipimo vikubwa, kama nanometa 180, ili zistahimili umeme mwingi na kupunguza kelele. Basi kijana wa mwambao ajifunzaye kuhesabu asidharau kupima. Bila kipimo, tarakimu haina sauti ya kubeba.