Henry Darcy

Henry Philibert Gaspard Darcy (Dijon, 10 Juni 1803 – Paris, 3 Januari 1858) alikuwa mhandisi wa maji kutoka nchini Ufaransa. Anajulikana hasa kwa kanuni inayoeleza jinsi maji yanavyopita ndani ya mchanga na miamba. Kanuni hiyo ni msingi wa sayansi ya maji ya chini ya ardhi.

Maisha

Alifiwa na baba yake akiwa na umri wa miaka 14. Alisoma mjini Paris katika École Polytechnique, halafu katika chuo cha serikali cha madaraja na barabara, kisha akarudi kufanya kazi kwao.

Wakati huo wakazi wa Dijon walitegemea visima vyenye maji machafu. Darcy alichagua chemchemi ya Rosoir, akasimamia ujenzi wa mfereji uliofunikwa wenye urefu wa kilomita 12.7. Maji yalishuka kwa mteremko tu, bila pampu, yakafika mjini Septemba 1840. Malipo aliyostahili kwa kazi hiyo aliyakataa. Alipokea nishani ya dhahabu.

Baada ya mapinduzi ya 1848 aliondolewa Dijon kwa sababu za kisiasa, na baadaye alifanya kazi Paris. Afya yake ilipodhoofika aliacha kazi za ofisi, akarudi kwenye majaribio.

Kanuni ya Darcy

Mwaka 1855 na 1856, katika hospitali ya Dijon, yeye na wasaidizi wake walijaza mchanga katika bomba la chuma lililosimamishwa wima, wakapitisha maji na kupima kiasi kilichotoka. Shabaha ilikuwa ya kawaida kabisa: kujua namna ya kutengeneza machujio ya maji ya mji. Waliona kwamba tofauti ya kimo cha maji kati ya juu na chini ikiongezeka mara mbili, maji yanayopita nayo huongezeka mara mbili. Tabaka la mchanga likirefushwa mara mbili, hupungua kwa nusu. Kiasi hicho hutegemea pia upana wa bomba na aina ya mchanga.

Ajabu ni kwamba matokeo hayo aliyaweka katika nyongeza ya kitabu chake kikubwa cha mwaka 1856 kuhusu maji ya Dijon. Alifariki kwa nimonia muda usiozidi miaka miwili baadaye.

Leo kanuni hiyo hutumika kukadiria maji ya visima, na pia kasi ambayo chumvi au sumu husafiri nayo chini ya ardhi. Kipimo cha upenyezaji wa miamba huitwa darcy.