Christian Doppler: Alibezwa Vienna, leo hewa haipimwi bila yeye

Aliyewahi kutoka Ijumbi akasimama barabara ya Bukoba–Muleba anaijua hii: basi likija linapiga honi sauti inakuwa nyembamba, likishakupita inakuwa nene. Aliyeieleza kwa hesabu ni Christian Doppler.

Alizaliwa Salzburg, leo ni Austria, Novemba 29, 1803, kwenye ukoo wa waashi wa mawe. Afya yake ilikuwa mbovu, nyundo na patasi zikamshinda, ikabidi asome.

Ajira nayo ikagoma. Akatunza vitabu vya hesabu kiwanda cha pamba, na mwaka 1835 alikuwa tayari anauza vitu vyake ahamie Marekani. Ndipo ikaja kazi ya ualimu Prague, safari ikafa.

Huko Prague, Mei 25, 1842, alitoa hoja kwamba mwanga, kama sauti, hubadilika chanzo chake kikisogea au kikienda mbali. Alidhani ndiyo sababu ya rangi za nyota. Hapo alikosea, nyota hazina mbio hizo. Ila kanuni yenyewe ilisimama: mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot alipandisha wapiga tarumbeta kwenye treni, na sauti ikabadilika vilevile.

Mwaka 1850 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Fizikia, Chuo Kikuu cha Vienna. Miaka miwili baadaye mwanahisabati Petzval akamshambulia hadharani, eti hesabu zake nyepesi mno kuitwa sayansi kubwa. Doppler alikuwa anajibu huku mapafu yanamwisha. Alikwenda Venice kutafuta nafuu, akafia huko Machi 17, 1853, akiwa na miaka 49. Leza ya kwanza ilikuja 1960.

Sasa vuka mpaka kutoka Kagera. Kwenye Mlima Mugogo, Rwanda, kuna kituo kinachopima methani na kaboni dayoksaidi kwa leza. Kila gesi hunyonya rangi zake za mwanga, na kwenye grafu panatokea kama bonde. Bonde hilo haliwi mstari mwembamba, kwa sababu molekuli zinakimbia: zinazoifuata leza na zinazoikimbia haziioni rangi ileile. Ni honi ya basi tena! Joto likipanda, bonde linatanuka. Molekuli zikigongana linatanuka pia, kwa umbo jingine, na Mjerumani Woldemar Voigt ndiye aliyeunganisha maumbo hayo mawili kwenye hesabu moja.

Kompyuta ikilichora bonde hilo vibaya, inasoma methani nyingi au kidogo kuliko iliyopo. Na wanaopima wanatafuta ongezeko dogo sana la mwaka hadi mwaka.