Mtu wa Miti

Wiki hii nawaletea maisha ya Richard St. Barbe Baker, Mwingereza aliyezaliwa 1889.

Akiwa kijana alienda Canada, akafanya kazi ya kukata miti. Huko aliona miti ikiharibiwa ovyo na upepo ukipeperusha udongo wa mashamba yaliyobaki wazi. Jambo hilo lilimsumbua moyo. Baadaye alisomea mambo ya dini Cambridge, kisha akasomea misitu.

Alifika Kenya 1920 kama afisa wa misitu. Upande wa Kikuyu alikuta msitu umekatwa sana. Alipowaomba watu wapande miti, walimjibu kwamba hilo ni shauri la Mungu. Nampenda kwa alichofanya hapo. Hakuwadharau, wala hakuwaletea askari. Aliona wana ngoma ya kupanda mbegu na ngoma ya mavuno. Basi yeye na Chifu Josiah Njonjo, baba yake Charles Njonjo, wakaitisha ngoma ya miti. Tarehe 22 Julai 1922 vijana walikuja kwa maelfu. Waliojitolea waliahidi mbele za Mungu kupanda miti 10 kila mwaka na kuitunza iliyopo. Wakaitwa Watu wa Miti. Mwaka wa 1924 kikundi kikaanza Uingereza, kisha kikaenea nchi nyingi. Udongo ulikuwa ule ule. Mioyo ndiyo iligeuka.

Wapendwa, lile jibu la shauri la Mungu bado liko hapa Tuwan. Tunakesha tukiombea mvua, asubuhi tunanunua mkebe wa makaa bila kuuliza yametoka msitu gani. Najua mama lazima apike, na gesi si ya kila mtu. Lakini Mto Nzoia unapata maji yake Cherangany na Elgon. Miti ya huko ikiisha, tutaomba maji ya wapi? Soma Mwanzo 2:15. Adamu alipewa kazi ya bustani kabla dhambi haijaingia, kwa hivyo kutunza si adhabu, ni wito.

Utasema wewe ni mpangaji, huna shamba. Kiwanja cha kanisa kiko, na uwanja wa shule ya watoto wako uko.

Baker alifariki huko Canada tarehe 9 Juni 1982, akiwa na miaka 92. Siku chache kabla, mzee huyo alikuwa amepanda mti mwingine, akijua hatakaa kivulini mwake. Mvua ikianza, kila nyumba ilete mche mmoja kanisani. Tutaombea, halafu tutashika jembe.

Mungu awabariki.