Euler, kipofu aliyeandikisha kitabu cha aljebra

Leonhard Euler alizaliwa mwaka 1707 mu muji wa Basel, Uswisi, lakini alitumika miaka mingi Saint-Petersburg, Urusi. Jicho la kuume liliharibika angali kijana. Kisha 1766 lile lingine nalo likaanza kuzimika, kuandika ikawa shida.

Njo akatafuta kijana aliyekuwa amejifunza kushona nguo, asiyejua hesabu nyingi, akamuandikisha kitabu kizima kwa mdomo: baba anagawia watoto mali, mufanyabiashara anazungusha mtaji wake, wewe tafuta namba isiyojulikana. Kijana anaandika, anaelewa. Mwishowe hata mazoezi magumu aliyaweza peke yake, bila mwalimu mwingine! Kitabu kilitoka kwa Kijerumani 1770. Euler akafa 1783, angali anapiga hesabu kichwani.