Pio Gama Pinto: Mume, baba na rafiki wa dhati aliyeuawa akiwa na miaka 37

KATIKA orodha ya wanasiasa wa Kenya waliouawa tangu taifa hili lijinyakulie uhuru, jina la Pio Gama Pinto ndilo la kwanza.

Wengi humkumbuka kama mwanahabari, mbunge na mpiganiaji uhuru. Ni wachache wanaomkumbuka kama mume wa Emma, baba wa mabinti watatu na rafiki ambaye kifo chake kilimvunja moyo kiongozi wa ngazi ya juu serikalini.

Marehemu Pinto alizaliwa Nairobi mnamo Machi 31, 1927, katika familia yenye asili ya Goa. Akiwa bado mtoto, wazazi wake walimpeleka India kusoma. Huko ndiko alikojifunza siasa za kupinga ukoloni, akaunga mkono harakati za kuwatimua Wareno kutoka Goa. Alipohofia kutiwa mbaroni, alirejea Kenya mwaka 1949.

Hapa nchini, alijifunza Kiswahili na kujiunga na wazalendo wa chama cha KAU na wa vyama vya wafanyakazi. Alikuwa pia mhariri wa gazeti la Daily Chronicle. Ni katika kipindi hicho alipojuana na Joseph Murumbi, mwana wa baba kutoka Goa na mama Mmaasai. Murumbi alimzidi Pinto umri kwa takriban miaka 16, lakini tofauti hiyo haikuwazuia kuwa marafiki wa chanda na pete.

Serikali ya mkoloni ilipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952 na kuwakamata viongozi wa KAU, wawili hao walikuwa miongoni mwa waliobaki wakiendeleza kazi. Murumbi aliondoka nchini mwaka 1953, akaitetea Kenya akiwa ughaibuni. Pinto alibaki.

Januari 1954, Pinto alifunga ndoa na Emma Dias. Maharusi hao hawakupata nafasi ya kuizoea nyumba yao. Juni mwaka huohuo, miezi mitano tu baada ya harusi, Pinto alikamatwa na kupelekwa kizuizini katika kisiwa cha Manda, Lamu. Alikuwa mmoja wa Wakenya wachache wenye asili ya Asia waliozuiliwa wakati huo.

Alipoondolewa Manda, hakuachiliwa huru, bali alilazimishwa kuishi Kabarnet hadi mwaka 1959. Emma alimfuata huko. Bibi arusi aliyekuwa amemngoja mumewe kwa miaka kadhaa alikubali kuanza maisha ya ndoa mahali ambapo mumewe hakuwa na ruhusa ya kutoka. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Emma alikuwa mke na rafiki.

Baada ya kuwa huru, Pinto alijitosa tena katika kazi ya chama cha KANU na magazeti yake. Mwaka 1963 alichaguliwa katika Bunge la Kutunga Sheria la Afrika Mashariki, na mwaka 1964 akaingia Bunge la Wawakilishi. Alikuwa mshauri wa karibu wa Jaramogi Oginga Odinga, na msimamo wake wa kutetea usoshalisti na haki za wasio na ardhi ulimzalishia maadui.

Mnamo Februari 24, 1965, alipigwa risasi akiwa garini nje ya nyumba yake mtaani Westlands, Nairobi. Binti yake mdogo alikuwa ndani ya gari hilo. Babake alikuwa na umri wa miaka 37.

Kisilu Mutua alihukumiwa kwa mauaji hayo, akakaa gerezani hadi mwaka 2001 alipoachiliwa kwa msamaha wa rais. Muda wote huo alishikilia kwamba hakuwa na hatia. Waliopanga mauaji hayo hawajawahi kufikishwa mahakamani.

Emma aliachwa mjane mwenye watoto watatu wa kulea. Miaka michache baadaye alihamia Canada pamoja na mabinti hao, mbali na nchi ambayo mumewe aliifia.

Kwa Murumbi, aliyekuwa Waziri wa Mashauri ya Kigeni, pigo hilo halikupona. Aliteuliwa Makamu wa Rais Mei 1966, lakini kabla ya mwaka kwisha alikuwa amejiondoa serikalini. Uchungu wa kumpoteza Pinto hutajwa miongoni mwa sababu zilizomfanya auache wadhifa ambao wengine wangeupigania kwa jino na ukucha.

Murumbi alifariki Juni 1990, robo karne baada ya rafiki yake. Alikuwa ametaka azikwe karibu na Pinto, na leo wote wawili wamelala City Park, Nairobi.