Friedrich Froebel na Karatasi Mikononi mwa Mtoto

Jina la Friedrich Froebel hutajwa katika kila chuo cha ualimu, na aghalabu husahauliwa mara mtihani unapokwisha. Mwanachuo hukariri kwamba ndiye mwanzilishi wa shule za watoto wadogo, na habari yake huishia hapo. Lakini mwalimu atakayepangwa kufundisha Ifakara, Mang'ula au Mlimba, akute watoto wengi na vifaa haba, ana sababu kubwa zaidi ya kumjua mtu huyu. Froebel ndiye aliyeifanya kazi ya kukunja, kukata na kusuka karatasi kuwa sehemu ya mpango kamili wa kumfundisha mtoto kufikiri. Katika makala haya tutasimulia maisha yake, kisha tutatazama yale ambayo mwalimu wa bonde la Kilombero anaweza kuyachukua kwake, na yale ambayo hana budi kuyaacha.

Froebel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, kwenye milima na misitu ya Thüringen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kilutheri, mwenye kazi nyingi na nafasi ndogo ya kukaa na watoto. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Baba alipooa tena, mama wa kambo alimpenda mtoto huyo mwanzoni, lakini alipojifungua wa kwake alimweka kando. Basi Friedrich alikua katika upweke, akitafuta faraja bustanini na msituni. Alipofika umri wa miaka 10, mjomba wake alimchukua akakae naye katika mji wa Stadtilm, na huko ndiko alikoonja kwa mara ya kwanza malezi ya upole na uhuru wa kucheza na wenzake. Hatuna budi kuyakumbuka mambo hayo mawili, upweke wa kwanza na upole wa baadaye, kwani mafundisho yake yote yana mizizi humo.

Mwaka 1797 aliwekwa chini ya msimamizi wa misitu ili ajifunze kazi hiyo. Bwana huyo hakumfundisha mengi, hivyo kijana akajifunza mwenyewe kwa vitabu na kwa kuitazama miti. Mwaka 1799 aliingia Chuo Kikuu cha Jena, lakini fedha zilimwishia, akashindwa kulipa deni, na akafungwa kwa majuma kadhaa katika kifungo cha chuo. Baada ya kifo cha baba yake mwaka 1802 alihangaika kutoka kazi hii hadi ile. Alipofika Frankfurt mwaka 1805 nia yake ilikuwa kusomea ujenzi wa majumba. Huko akakutana na Gruner, mkuu wa shule iliyofuata njia za Pestalozzi, naye akamshauri aache ujenzi awe mwalimu. Aliposimama mbele ya wanafunzi kwa mara ya kwanza alitambua kwamba hii ndiyo kazi aliyoumbiwa. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Baadaye alilea na kufundisha wavulana watatu wa familia moja, na kuanzia mwaka 1808 hadi 1810 alikwenda nao Yverdon, Uswisi, kwenye shule ya Pestalozzi mwenyewe. Aliwazoesha wavulana hao kutengeneza vitu kwa karatasi, kadibodi na mbao, maana aliona kwamba mkono unapotenda, akili haiwezi kulala. Kwa Pestalozzi alijifunza kwamba fundisho lianze na kitu kinachoonekana na kushikika, ndipo neno lifuate. Lakini pia aliona kwamba masomo ya shule ile hayakufungamana vema, akaondoka akitafuta uzi wa kuyaunganisha.

Uzi huo aliupata mahali ambapo hapakutarajiwa. Mwaka 1812 alikwenda Berlin kusomea madini, na baada ya vita vya 1813, ambavyo yeye mwenyewe alivipigana, alifanya kazi katika jumba la hifadhi ya madini. Kila siku alishika mawe ambayo maumbile yenyewe yameyachonga kwa pembe na nyuso zilizopangika, na akaamini kwamba sheria moja inaongoza ukuaji wa jiwe, wa mti na wa mtoto. Wakati huo ndugu yake alikuwa amefariki na kuacha watoto. Froebel akaiacha kazi yake ya heshima, na mwaka 1816 akafungua shule katika kijiji cha Griesheim akiwa na wanafunzi 5, wote watoto wa ndugu zake. Mwaka uliofuata shule ilihamia Keilhau. Mwaka 1826 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya malezi ya mwanadamu. Shule yake iliandamwa na uhaba wa fedha na shuku za watawala, naye alifanya kazi Uswisi kwa miaka kadhaa kuanzia 1831.

Kadiri alivyofundisha, ndivyo alivyozidi kuona kwamba makosa mengi ya shule huanza kabla ya shule. Mwaka 1837 alirudi Ujerumani, akaanzisha katika mji wa Bad Blankenburg mahali pa michezo na kazi za watoto wadogo. Mwaka 1840 akapaita Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Maana yake ni wazi kwa kila mkulima: mche haukui kwa kuvutwa, bali mwenye shamba huuandalia udongo, maji na mwanga.

Vifaa alivyowapa watoto aliviita zawadi. Zawadi ya kwanza ilikuwa mipira 6 ya sufu yenye rangi mbalimbali. Ya pili ilikuwa tufe, mchemraba na mcheduara vya mti. Ya tatu ilikuwa mchemraba uliogawanyika katika michemraba midogo 8. Baada ya zawadi zilifuata kazi za mikono: kutoboa karatasi, kushona juu yake, kuikata, kuisuka, kuikunja, na kufinyanga udongo. Tofauti ni kwamba mtoto hupanga zawadi na kuzipangua, zikarudi kama zilivyokuwa, lakini kazi ya mkono huacha kitu kipya ambacho hakikuwapo, na mtoto anaweza kukichukua na kumpa mtu mwingine.

Katika kazi hizo Froebel aliona maumbo ya aina tatu. Tuchukue mfano wa karatasi ya mraba. Mtoto akiikunja akapata nyumba, mashua au kofia, amefanya umbo la maisha. Akiikunja katikati akapata nusu, kisha robo, kisha thumni, au akiikunja kwa mshazari akapata pembetatu mbili zilizo sawa, amefanya umbo la maarifa. Akizikunja pembe zote kuelekea kati, tena na tena, hata pakatokea ua au nyota, amefanya umbo la uzuri. Karatasi ni ile ile na mikono ni ile ile, lakini ndani yake mna maisha, hesabu na sanaa. Hadi leo nyota inayosukwa kwa vipande 4 virefu vya karatasi huitwa kwa jina lake, na Wajerumani huitundika nyumbani wakati wa Krismasi.

Mwisho wa maisha yake ulikuwa mchungu. Tarehe 7 Agosti 1851 serikali ya Prussia ilipiga marufuku shule zake, ikizituhumu kueneza ukafiri na siasa za ujamaa. Tuhuma hiyo ilitokana kwa sehemu na kumchanganya na Karl Froebel, mwana wa ndugu yake, aliyekuwa ameandika mambo ya namna hiyo. Mzee alijitetea, lakini hakusikilizwa. Alifariki tarehe 21 Juni 1852 huko Marienthal, marufuku ikiwa bado inasimama, na juu ya kaburi lake wafuasi walisimamisha mchemraba, mcheduara na tufe. Marufuku iliondolewa mwaka 1860. Wakati huo wanawake aliowafunza walikuwa wamekwisha kuipeleka kazi yake nchi za nje. Mwaka 1876 ilifika Tokyo, ikakutana na ustadi wa kukunja karatasi ambao Wajapani walikuwa nao tangu kale.

Lakini kazi ilipokwisha kuenea, iliugua ugonjwa mwingine. Walimu wengi walishika maagizo wakaacha maana. Mtoto aliamriwa akunje hivi, kisha hivi, wote kwa pamoja, na aliyebuni umbo lake alihesabiwa kuwa amekosea. Mwanafalsafa John Dewey wa Marekani alikuwa miongoni mwa waliolikosoa jambo hilo. Tunasema wazi kwamba ugonjwa huu haukubaki ng'ambo. Hata kwetu mwanachuo huonyesha ua la karatasi alilolitengeneza mwenyewe usiku, huwataka watoto walinakili, kisha huyabandika ukutani yale yanayofanana zaidi na la kwake. Ukuta hupendeza, lakini mtoto hakujifunza lolote ila kutii. Vile vile wako wanaosema kwamba kazi za karatasi ni mchezo unaokula muda wa kusoma na kuhesabu. Makundi hayo mawili yana kosa moja: yote huitazama karatasi, hayamtazami mtoto.

Sasa tufike bondeni. Mtoto wa Kilombero haji shuleni akiwa mtupu. Amemwona mama au bibi akisuka ukili kwa ukindu, akihesabu kwa vidole bila kutamka namba. Amewaona wavuvi wakitengeneza nyavu na mitumbwi. Amejenga nyumba za udongo kandokando ya majaruba ya mpunga. Mwalimu anayeanza na kusuka mkeka wa karatasi anaanza na jambo ambalo mtoto amekwisha kuliona, nayo ndiyo kanuni ya Pestalozzi na Froebel.

Vifaa visiwe kisingizio. Karatasi ya mfuko wa saruji, gazeti kuukuu, kalenda ya mwaka uliopita na jalada la daftari lililokwisha vyatosha. Mfuko wa saruji ukung'utwe na mwalimu mwenyewe, mbali na watoto, kisha ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu, kwa kuwa vumbi la saruji hudhuru macho na ngozi. Tabaka la ndani huwa safi zaidi. Gundi ipikwe kwa unga wa muhogo na maji, kama uji mzito, nayo itumike siku ile ile kabla haijachacha. Pasipo mikasi ya kutosha, watoto wakunje karatasi, wapitishe ukucha juu ya mkunjo, kisha waichane polepole.

Somo la mkeka liende hivi. Kila mtoto akunje karatasi yake katikati, akate mistari kuanzia kwenye mkunjo bila kufika ukingoni, kisha aifunue. Vipande vya rangi nyingine vipitishwe juu ya kimoja na chini ya kimoja. Kipande cha pili kianze kinyume cha cha kwanza. Mwalimu asiseme kwa nini. Aache mtoto mmoja aanze sawasawa na mwanzo, aone kwamba mkeka haushikani, na aeleze mwenyewe sababu. Kisha waulizwe itakuwaje tukipita juu ya viwili na chini ya viwili. Hapo wataonana na namba shufwa na witiri na hesabu ya mbili mbili, na baadhi watatambua ruwaza waliyoiona kwenye mkeka wa nyumbani. Somo la pili wabuni ruwaza zao wenyewe, na mwalimu akae kimya kadiri awezavyo.

Kazi iliyokwisha isibaki yote ukutani. Froebel alithamini furaha ya mtoto anayempa mzazi kitu alichokitengeneza kwa mikono yake. Mkeka mdogo wa kuwekea kikombe, kadi ya Idi au ya Krismasi, jalada la daftari la mdogo wake, au mfuko wa karatasi wa kutilia viazi na nyanya, vyote vinafaa kupelekwa nyumbani. Mfuko huo una faida ya wazi tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019. Zawadi ya namna hiyo haimdai mzazi fedha. Katika darasa ambamo mtoto mmoja ana viatu na mwenzake hana, ni jambo kubwa kwamba wote wawili wanaweza kutoka na kitu chenye thamani iliyo sawa.

Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitufundisha kwamba kazi ya mikono na kazi ya akili hazifai kutengwa. Froebel aliifikia fikra hiyo hiyo kwa njia yake, zaidi ya karne moja kabla, kupitia upweke wa utotoni, mawe ya Berlin na vipande vya karatasi. Tunawashauri wanachuo wajaribu somo la mkeka katika mazoezi yao ya kufundisha, na baada ya kipindi waandike mambo mawili tu: ni swali gani mtoto aliuliza bila kuulizwa, na ni umbo gani mtoto alilibuni ambalo mwalimu hakulitazamia. Kama kurasa zote mbili zitabaki tupu, somo lirudiwe kwa njia nyingine.