Marie Curie: Mwanafunzi aliyejisimamia mwenyewe

Mwezi Novemba mwaka 1891, mwanamke wa Kipoland aliyekaribia kutimiza umri wa miaka 24 alijiandikisha kusomea sayansi katika Chuo Kikuu cha Sorbonne, mjini Paris.

Haukupita muda Maria Skłodowska, ambaye ulimwengu ungemjua baadaye kwa jina la Marie Curie, akatambua kuwa Kifaransa chake hakikutosha kufuata mihadhara. Katika hisabati na fizikia pia, aliachwa nyuma na wenzake waliosoma Ufaransa.

Hata hivyo, kujifunza bila mwalimu hakukuwa jambo geni kwake.

Alizaliwa mwaka 1867 mjini Warsaw, uliokuwa chini ya utawala wa Urusi, ambako chuo kikuu hakikuwapokea wanawake. Alipatana na dada yake Bronisława kwamba yeye atafanya kazi ili dada asomee udaktari Paris, kisha dada naye amsaidie.

Kuanzia mwaka 1886 alikuwa mwalimu wa nyumbani kwa familia moja ya mashambani. Baada ya kazi alisoma vitabu vya masomo mbalimbali kwa zamu. Akili ilipochoka kusoma, aligeukia hesabu za aljebra, ambazo hazikumruhusu mawazo yatangetange. Baba yake, aliyekuwa mwalimu wa hisabati na fizikia, alimwelekeza kwa barua.

Nidhamu hiyo ndiyo aliyokwenda nayo Paris. Nyumba ya dada yake ilikuwa mbali na chuo na haikukosa wageni, hivyo akahamia chumba kidogo cha darini karibu na masomo yake. Jioni alisoma maktaba hadi ilipofungwa, kisha akaendelea chumbani hadi usiku wa manane.

Gharama haikuwa ndogo. Alivumilia baridi kali, na aliwahi kuzirai kwa kukosa chakula.

Mwaka 1893 aliongoza katika mtihani wa shahada ya fizikia. Mwaka uliofuata alishika nafasi ya pili katika hisabati.

Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1903, pamoja na mumewe Pierre na Henri Becquerel, na ya kemia mwaka 1911. Alifariki dunia mwaka 1934.

Bidii pekee haielezi ufanisi huo. Alijua alipopungukiwa, akapanga saa zake, akachagua mahali pa kusomea, na hakuona haya kuuliza.